Mshale wa Sekunde

Kwenye orodha ya vitu vya kuja navyo chuoni
waliandika: viatu vyeusi, mkasi, shuka mbili,
ndoo, na saa yenye mshale wa sekunde.
Viatu nilinunua vya mtumba soko la Arua,
cha kushoto arobaini na mbili, cha kulia arobaini na tatu.
Saa ilitoka mkononi mwa baba.

Kampuni ya tumbaku ilimpa
mwaka ambao marobota yake yalizidi ya wote kule Terego.
Kampuni ikaondoka, saa ikabaki,
ikichelewa dakika kumi na nne kila siku ya Mungu.
"Haijui saa ngapi," alisema akinifunga mkanda wake,
"lakini dakika yake ni dakika."

Hakusema lingine. Yeye alitaka niwe fundi umeme.
Mjomba Onzima alicheka hadi pombe ikamtoka puani:
Uuguzi! Mtoto wa kiume
aende kupangusa matako ya watu?
Baba akauza fahali wake mwenye pembe moja,
akahesabu noti mbele ya mjomba,
polepole, kwa kidole kilicholowa mate.

Nikajifunza kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake,
kusubiri mshipa unaokimbia kama mjusi,
kuosha maiti huku ninaisemesha,
maana Sista Ayikoru hakuruhusu
mtu yeyote aoshwe kimya kimya.

Sasa niko wodi ya watoto, zamu ya usiku.
Akina mama wananiita sista.
Mwanzoni niliwasahihisha. Siku hizi naitika.
Anayeamshwa hachagui jina.

Jana umeme ulikatika saa nane.
Simu nimeibana kwa meno, mwanga unamwagikia
Ocokoru, mwaka mmoja na nusu,
malaria, damu nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi.
Chupa ya damu ya mtu tusiyemjua inaning'inia juu yake:
tone.
Tone.
Saa ya baba ilidai ni saa saba na nusu. Uongo.
Mshale mwembamba haukudanganya:
mapigo mia moja sabini na mbili,
na baada ya robo saa, mia moja sabini na mbili.
Bibi yake, aliyelala sakafuni kwenye mkeka,
akaniuliza, "Sista, unahesabu nini?"
Sikumjibu, nisije nikapoteza hesabu.

Hapo ndipo nilipolielewa banda la tumbaku.
Usiku kucha baba mlangoni pa tanuri,
gogo likiisha anasukuma gogo,
moto usizidi, moto usilale;
usinzie kidogo tu,
na jasho la msimu mzima linageuka majani meusi.
Mimi nililala juu ya gunia ubavuni mwake
nikidhani amekaa tu.

Kulipopambazuka Ocokoru alilia,
kilio kizima, cha hasira, cha kudai uji.
Mia moja ishirini na nane.
Niliandika kwenye fomu, mkono ukitetemeka kidogo,
nikatoka nje, kwenye kamba za kuanikia shuka,
nikampigia baba.

Alikohoa kabla ya salamu.
"Saa inatembea?"
"Inatembea."
Nilitaka kumweleza habari ya yule mtoto,
habari ya banda, na ya fahali wa pembe moja.
Akakohoa tena, kikohozi kirefu,
kile ambacho nyumbani tulikiita moshi.
Na kabla sijajua nafanya nini
nilikuwa nimegeuza kifundo cha mkono kwenye mwanga,
nimenyamaza,
nahesabu pumzi zake.